Nzi wa Feri

Zamani mla samaki alikuwa na adui mmoja tu, mwiba. Ukila taratibu na kutema vizuri, umemaliza. Siku hizi ana maadui wa kimataifa, na wote jirani yangu Baba Sudi anawafahamu, maana wanamfikia kwenye simu kabla hata ya adhana ya alfajiri.

Agosti 2023 Wajapani walipoanza kumwaga baharini maji yaliyochujwa ya kinu cha nyuklia cha Fukushima, Baba Sudi aliutangazia mtaa wetu wa Kigogo uache kula changu. Nikamwambia, jirani, ile ni Pasifiki, sisi wa Bahari ya Hindi, na changu ni wa miambani, nauli ya kufika huko aitoe wapi? Akasema maji ni maji. Mke wangu akatikisa kichwa kukubali. Wiki nzima tukala maharage.

Ikaja zamu ya zebaki. Hapo sikubishana sana, kwa sababu zebaki si uzushi. Kule Minamata, Japani hiyohiyo, kiwanda kilimwaga zebaki ghubani, paka waliokula samaki wakaanza kucheza ngoma isiyopigwa, kisha wakafuata binadamu. Ugonjwa ukatambuliwa rasmi mwaka 1956, na kiwanda kikaendelea kumwaga mpaka 1968. Kwetu nako wachimbaji wadogo wa Geita bado wanakamatia dhahabu kwa zebaki, na Ziwa Victoria liko jirani. Lakini zebaki ina tabia ya kupanda cheo: dagaa anayo kidogo, anayemla dagaa anayo zaidi, na papa aliyeishi miaka akitafuna wenzake ndiye mwenye akiba nono. Ndiyo maana wajawazito huambiwa wamwepuke papa. Baba Sudi alisikia nusu ya somo. Dagaa kampiga marufuku nyumbani kwake, papa mkavu wa nazi anamla kila Ijumaa. Eti amekaushwa, sumu imeondoka na maji.

Vituko vyenyewe viko Feri, soko la samaki pale Magogoni. Baba Sudi hanunui samaki asiye na nzi. Amesikia wapo wachuuzi wanaopaka dawa ya kuhifadhia maiti, na nzi hawaisogelei. Basi anasimama mbele ya meza, mikono nyuma kama mkaguzi wa mitihani, anasubiri nzi atue. Akitua mmoja anatabasamu. Wakija kumi anatoa pochi. Hafunui mashavu aone kama bado ni mekundu, habonyezi nyama kwa kidole, na neno barafu halimtoki mdomoni. Jodari kalala juani tangu saa mbili asubuhi, saa saba mchana anamnunua kwa sababu nzi wameshampitisha.

Jodari au kibua akikosa barafu, vijidudu hutengeneza histamini kwenye nyama yake, na histamini haiogopi jiko. Mkaange, mchemshe, mkamulie ndimu gunia zima, iko palepale. Baba Sudi alimla wa kwake usiku, uso ukamwiva, midomo ikamwasha, kichwa kikamgonga. Tulipokwenda kumpa pole alikuwa kitandani anaeleza kwamba mionzi imeshafika.

Haya yote ningeyavumilia. Ninachoshindwa kuvumilia ni masika. Mvua kubwa ikishika usiku, nasikia jembe nyuma ya ukuta: kha, kha, kha. Baba Sudi anatapisha choo. Hayuko peke yake, mtaa mzima unasubiri mvua hiyohiyo kama wakulima. Mzigo unaingia mtaroni, mtaro unaupeleka mto Msimbazi, Msimbazi unaukabidhi baharini pale daraja la Salenda, na kutoka Salenda hadi Feri ngalawa haihitaji hata kubadili upepo. Magari ya kunyonya maji taka yapo, ila yanataka pesa, na mvua ni ya bure.

Msimu uliopita nilijikaza nikamwambia, jirani, ule uchafu unakwenda kwa samaki wetu. Akaegemea jembe, maji yakimchuruzika puani.

"Bahari ni kubwa, baba."

Kesho yake asubuhi akanitumia ujumbe mrefu wa onyo kuhusu ngisi.