Kura ya Shilingi 200

Mwandishi wa makala haya aliwahi kuharibu uchaguzi kwa shilingi 200, na hakuna mtu aliyehongwa. Ilikuwa mwaka 2007, Tandika, Dar es Salaam, kwenye kibanda cha gemu chenye runinga mbili, PlayStation mbili zilizochoka na benchi moja ambalo wakikaa watano, wa sita anakaa hewani.

Mama mwenye kibanda alikuwa amempata fundi wa kuchora ukutani. Hela ilitosha picha moja tu. Wateja wake, watu ambao hawakuwahi kukubaliana hata zamu ya kushika pedi ni ya nani, wakagawanyika papo hapo. Hawa wanamtaka King, wale wanamtaka Eddy Gordo, wote wawili wa Tekken 3.

Gemu hiyo ilitoka mwaka 1997 kwenye zile mashine kubwa za kumbi za michezo, mwaka uliofuata ikaingia PlayStation, na vibanda vyetu havikuiachia tena. King ni mwanamieleka mwenye barakoa ya mnyama wa jamii ya chui. Kumtumia kunataka shule: unamkamata mtu, unambwaga, unamkamata tena kabla hajakumbuka kilichompata, na kila hatua ina mpangilio wake wa batani. Vijana walikuwa wanaziandika nyuma ya daftari la Jiografia. Eddy ni Mbrazili wa kapoeira. Mizunguko yake ilinakiliwa kutoka kwenye mwili wa bingwa halisi wa mchezo huo, Marcelo Pereira, ndiyo maana mateke yake yanatiririka kama maji. Ubaya wa Eddy ni kwamba hadai shule yoyote. Bonyeza batani za mateke ovyo ovyo, yeye atabiringika, atasimama kwa mikono, atafyeka miguu, na mtu aliyesotea King miezi mitatu atalazwa chini na dogo aliyetumwa chumvi dukani.

Mwandishi alikuwa mtu wa King. Waliomlaza ni wengi, na karibu wote walikuwa wametumwa chumvi.

Mama akaweka utaratibu ambao tume nyingi zingeuonea wivu. Alikata vichwa vya chupa mbili za maji, akazizungushia gazeti ili mtu asichungulie, akaandika jina la mgombea kwenye kila moja. Kila mteja akapewa kizibo kimoja cha soda. Unaingia nyuma ya pazia, unatumbukiza, unatoka.

"Ikiwa sare je, mama?" mmoja akauliza.

"Sare naamua mimi."

Upande wa King ukapumua, maana mama alikuwa shabiki wa mieleka ya kwenye runinga na haikuwa siri. Sare tu ingewatosha.

Zamu ya mwandishi ilifika baada ya Magharibi, na umeme wa Luku ukachagua wakati huohuo kuisha. Kwa waliozaliwa juzi: simu ya mjini wakati ule ilikuwa Nokia 1100, ya batani, yenye tochi kichwani. Tochi hiyo ilikuwa mkononi mwa mama, na mama alikuwa mbele ya pazia akilinda foleni. Nyuma ya pazia lilikuwa giza la kaburi. Mwandishi akaingiza mkono mfuko wa shati, akatoa kitu cha duara cha bati, akapapasa chupa ya kulia aliyokuwa ameikariri, akatumbukiza. Akatoka kifua mbele.

Chaguzi za namna hii zimeshawapata wakubwa pia. Mwaka huohuo wa 2007, mtandao wa GameFAQs wa Marekani uliendesha mashindano yake ya kumtafuta mhusika anayependwa zaidi katika gemu. Kila raundi iliwakutanisha wanne kwa pamoja. Walikuwamo Link wa Zelda na Cloud wa Final Fantasy VII, watu wenye mapanga, huzuni na mamilioni ya wapenzi. Kombe likachukuliwa na kipande cha Tetris. Si mtu anayecheza Tetris, ni kile kipande chenyewe chenye umbo la herufi L, kisicho na uso. Mapenzi ya kweli yakishagawanyika mara tatu, mzaha uliosimama pamoja unatosha kupita. Miaka miwili baadaye GameSpot nao wakatafuta shujaa mkuu wa gemu zote, na fainali ikawa ya Mario na Gordon Freeman wa Half-Life. Akashinda Freeman, ambaye kwenye gemu zake hajawahi kufungua mdomo. Kampeni bila hotuba hata moja!

Nintendo walikwenda mbali zaidi. Mwaka 2015 waliwaomba wachezaji wa dunia nzima wapendekeze nani aongezwe kwenye gemu yao ya mapigano, Super Smash Bros. Kura zikapigwa miezi kadhaa, kisha mwezi Desemba akatangazwa Bayonetta, wa kwanza duniani kati ya wale ambao kuwaingiza kungewezekana. Maneno hayo ya mwisho msomaji ayarudie polepole. Hesabu kamili hazikutolewa.

Lakini aliyemgusa mwandishi kuliko wote ni mlinzi wa geti. Katika Fire Emblem: Three Houses, gemu ya mwaka 2019, kuna askari anayesimama kwenye lango la monasteri. Hana jina. Kazi yake ni kukusalimia kwa uchangamfu na kukuarifu kwamba hakuna cha kuripoti. Mwaka 2021 wachezaji walipoitwa kuchagua mashujaa wa kutengenezewa toleo maalumu kwenye gemu ya simu ya ukoo huo, kila mmoja kura moja kwa siku kwa siku saba, mlinzi huyu akazoa kura kuliko mgombea yeyote. Nyuma yake, upande wa wanaume, akaja Marth, mwana wa mfalme, shujaa wa gemu ya kwanza kabisa ya mwaka 1990. Miaka 31 ya kupigania ufalme, ukapitwa na mtu wa getini anayejua kusalimia.

Tandika hesabu zilianza kwa tochi. Chupa ya Eddy ikamiminwa kwenye sinia: vizibo 19. Chupa ya King ikamiminwa, mama akahesabu kwa kidole hadi 18, akasita. Kilichobaki kwenye sinia kilikuwa na kichwa cha Rais Karume upande mmoja.

"Hii nini tena?"

"Rushwa hiyo!" mtu akapaza sauti gizani.

"Kura imeharibika," mama akasema, akaifunga shilingi 200 kwenye pindo la kanga. Kibanda kizima kikaangua kicheko. Mwandishi alicheka kuwapita wote, na ndiye aliyeuliza kwa sauti ni zuzu gani asiyejua tofauti ya hela na kizibo.

Asubuhi dada yake alikuwa anafua. "Wewe, vizibo unaokota vya nini siku hizi?" Kilikuwa kimoja tu, cha soda ya machungwa, kimelowa, kwenye kiganja chake. Mwandishi alikumbuka kwamba shilingi 200 ya kuchezea gemu aliiweka mfuko huohuo.

Alikimbia na kandambili mkononi. Fundi alikuwa ameshamaliza miguu, mmoja umenyooka juu kabisa karibu na paa, miguu ya kapoeira isiyo na ubishi. Mwandishi akatoa kizibo, akaeleza yote, aibu pamoja na ushahidi. Mama akamsikiliza hadi mwisho.

"Mwanangu, hiyo miguu King ataifanyia nini?"

Hela nayo haikurudi.

Fundi, kwa upande wake, hakuwahi kuiona Tekken. Aliambiwa tu kwamba jamaa ana rasta, na kwa rasta mkono wake ulijua uso mmoja, ule aliouchora kwenye madaladala miaka nenda rudi. Kufikia saa nne kazi ilikuwa imekamilika. Mteja wa kwanza akawa dogo mmoja mwenye pakiti ya chumvi mkononi. Aliutazama ukuta kwa muda, kisha akamuuliza mama kama Bob Marley naye siku hizi yumo kwenye gemu, na mateke yake ni batani ipi.