Mgeni Mpe Ufagio

Stuttgart unaweza kutembea mtaa mzima asitokee mtu wa kukuamkia, lakini ukivuka barabara taa ikiwa nyekundu utampata wa kukusemesha. Mimi nilimpata usiku, natoka zamu ya jioni. Barabara tupu: hakuna gari, hakuna baiskeli, hata paka hakuna. Nikavuka zangu. Ng'ambo ya pili alisimama bibi mmoja na kijibwa chake, wote wawili wanangoja taa igeuke kijani. Nilipomfikia akaniambia niwafikirie watoto wanaoniona. Nikageuka huku na huku niwaone hao watoto. Ilikuwa karibu saa tano za usiku. Watoto wa Ujerumani wamelala zamani. Faini ya kosa hilo ni yuro 5, lakini yule bibi hakuwa polisi wala hakutaka pesa zangu. Alitaka nijue tu.

Naandika haya kwa sababu ya binamu zangu. Tangu Kenya na Ujerumani zitie saini mkataba wa uhamiaji wa wafanyakazi kule Berlin mwezi Septemba 2024, kila nikipiga simu Mombasa nasikia mwingine ameanza kusoma Kijerumani. Wataambiwa kuhusu baridi, wataambiwa kuhusu mikate migumu. Hakuna atakayewaambia kwamba wanakuja kulelewa upya.

Malezi yenyewe huanzia kwenye nyumba. Nilipoonyeshwa yangu niliona sebule, chumba cha kulala, choo, na chumba kingine kitupu chenye mabomba mawili yamechungulia ukutani. Nikauliza jikoni ni wapi. Nikajibiwa ndio hapa. Mpangaji aliyetangulia alikuwa amehama na kila kitu: sinki, makabati, jiko lenyewe, hata balbu, na darini zikabaki nyaya zinaning'inia kama masharubu ya kambare. Niliyekuwa nikimlalamikia alinishangaa. Jiko ni mali ya mtu. Angeliacha kwa nini? Basi nikaanza maisha ya Ulaya kwa jiko dogo la umeme la sahani moja, vyombo naoshea bafuni, na tochi ya simu ndiyo taa yangu.

Kisha kuna kujiandikisha. Ukihamia nyumba unapewa wiki mbili uende ofisi ya serikali ya mji ukaseme unakaa wapi, tena na barua ya mwenye nyumba ya kuthibitisha kwamba hukujitungia anwani. Bila kuandikishwa hupati namba ya kodi, na bila namba ya kodi mwajiri hukukata kodi ya daraja lililo zito kuliko yote. Ofisini nako huendi tu ukapanga foleni. Sharti uwe na miadi, na miadi ya karibu ilikuwa ya mwezi ujao. Nilipofanikiwa, barua ya kwanza kunifikia kwa jina langu na anwani yangu haikuwa ya kunikaribisha. Ilikuwa ya ada ya redio na televisheni, yuro 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba, uwe na televisheni au usiwe nayo. Niliisoma kwa tochi.

Kwetu mgeni hupewa jembe siku ya tatu. Mimi nilipewa ufagio sijafungua sanduku. Jirani wa chini, mzee mstaafu mwenye sweta ya kijani, aligonga mlango akanikabidhi kibao kidogo kilichoandikwa Kehrwoche. Kibao hicho kikining'inia mlangoni pako, wiki hiyo ngazi ni zako: uzifagie, uzipige deki, ufute vumbi dirishani. Hiyo ni zamu ndogo. Ipo na zamu kubwa, ya njia ya mbele ya nyumba, na theluji ikianguka katika wiki yako, basi theluji nayo ni yako. Mambo haya yana nasaba ndefu. Mwaka 1492, Columbus yuko baharini anaitafuta India, mtawala wa Württemberg aitwaye Eberhard alikuwa na sheria ya kuwataka watu wa Stuttgart wayatoe masamadi yao kila wiki. Jiji liliifuta amri ya kufagia mwaka 1988. Jirani yangu habari anazo, lakini hazimbabaishi, maana zamu imebaki kwenye mikataba ya nyumba.

Nikazifagia ngazi zile kwa mkono wa mwanamke aliyelelewa Majengo ya Mombasa, ambako uwanja hufagiwa kabla jua halijatoka. Nikapiga deki mpaka nikauona uso wangu. Mzee akashuka na kukagua, akapitisha kidole juu ya ubao ulioshikana na ukuta, akakiinua kidole hicho tukitazame sote wawili. Kilikuwa na vumbi. Hakusema neno.

Siku aliyosema ni siku ya dagaa. Shoga yangu alikuwa amenibebea kifurushi kutoka Mombasa, na Jumapili moja ya Januari nikaona nijipendeze. Kwanza Jumapili maduka yamefungwa. Pili ni siku ya ukimya: hutoboi ukuta, hupigi nyundo, hata chupa huendi kuzitupa kwenye mapipa yake ya vioo zisije zikalia. Kukaanga hakujakatazwa. Nikafunga madirisha, nikatia mafuta, nikamwaga dagaa. Sheria ya jimbo la Baden-Württemberg inataka kengele ya moshi katika vyumba vya kulala na korido za kutokea, na kengele ya korido yangu ilikuwa haijawahi kukutana na dagaa. Ilipiga ukelele ambao Jumapili ile haikuwa imeuzoea. Mara mzee huyo mlangoni, mpini wa ufagio mkononi, akakisukuma kitufe chake ikanyamaza.

Nikajiandaa kusutwa kwa harufu. Wala. Aliuliza kwa uchungu mkubwa kwa nini madirisha yamefungwa. Akaingia, akayafungua yote wazi kabisa, na kule nje ni chini ya sifuri, akanieleza kwamba nyumba hupigwa upepo hivi kila siku, dakika chache, asubuhi na jioni, kisha hufungwa. Kinyume chake ni ukungu ukutani, na ukungu ni kesi na mwenye nyumba. Tukasimama jikoni kwangu na makoti yetu, tunaangalia saa yake, dagaa wanapoa.

Kazini ni yale yale. Katika makao ya wazee ninakofanya kazi, wengi ni Waswabia wa papa hapa, na Kijerumani chao na kile nilichofanyia mtihani ni ndugu wa baba mmoja tu, mama mbalimbali. Si siri: mwaka 1999 jimbo lenyewe lilianza kujitangaza kwa kujigamba kwamba linaweza kila kitu isipokuwa kusema Kijerumani sanifu. Bibi mmoja aliyepita miaka tisini amejitwika kazi ya kunisomesha. Nikitamka neno la kitabuni anafumba kinywa, kijiko cha dawa kiko hewani, mpaka nilirudie Kiswabia. Nikilipatia, anameza.

Na wenzangu wa zamu je? Siku yangu ya kuzaliwa ilipofika nilijipara nikangoja keki. Saa nne kimya. Saa sita kimya. Wenzangu wanapita pita wakichungulia mezani pangu. Kumbe na wao walikuwa wananingoja mimi, maana huku mwenye siku ndiye mleta keki. Tulishinda hivyo mpaka zamu ikaisha, kila upande ukiuona upande wa pili mchoyo. Baadaye nikataka kufuta doa, nikamtakia mwenzangu mmoja heri ya siku ya kuzaliwa ikiwa ni kesho yake. Uso ukamsawijika. Kumpongeza mtu kabla ya siku yenyewe ni kumwitia mkosi, na nilielezwa hivyo na watu watatu kwa mpigo.

Nilipomsimulia mama kwa simu sikupata hata pole. Aliniuliza: "Kwani Majengo nilikulea peke yangu?"

Nikanyamaza, kwa sababu ni kweli. Majengo ukipita barazani usiwaamkie wazee, habari ilifika nyumbani kabla yako. Mama wa mtu yeyote alikuwa na haki ya kukuuliza umetumwa wapi na mbona huko siko, na ukimjibu ovyo ulichapwa papo hapo, kisha ukachapwa tena nyumbani kwa kosa la kuchapwa. Siku hizi watu wamejenga kuta na mageti. Mtoto wa jirani akifanya upuuzi unageuza uso, usije ukaulizwa yanakuhusu nini. Mtaa ule niliodhani umekufa nimeukuta Stuttgart, ila huku wameruka salamu, wameanza na kukemea. Na mtu hakemei kila anayepita. Mtalii hafundishwi kwamba chupa ya buluu huingia kwenye pipa la kijani. Atupe atakapo, kesho hayupo. Anayekufundisha mapipa amekuhesabu kuwa utakaa.

Basi nikaona nimkaribishe mzee chai. Nilimwambia ngazini aingie, chai iko jikoni inachemka. Akatoa kijitabu cha tarehe mfukoni, akapekua, akanipa Jumamosi moja ya mbele huko, saa tisa. Siku hiyo saa tisa kamili kengele ikalia, mimi bado na kanga kiunoni na unga mpaka viwikoni. Alikula mahamri kwa mbaazi wa nazi mpaka akalegeza sweta, kisha akatoa kalamu akaomba vipimo. Unga? Kiasi. Tui? Mpaka unga ukubali. Unakandwa kwa muda gani? Mpaka uone umelainika. Akaiweka kalamu chini akanitazama kwa huruma.

Wiki iliyofuata alipanda na sahani iliyofunikwa. Ndani yake mahamri aliyoyapika mwenyewe kwa gramu, yamebapa yote, hakuna hata moja lenye tumbo. Kwetu ningesema mashallah, matamu, nikayahifadhi nisiyale. Nikamega moja nikamwambia ukweli: unga haukuumuka, tui lilikuwa la moto likaua hamira, iliki imezidi, na mafuta hayakushika moto. Aliitikia kwa kichwa kila kosa, anaandika, uso umemchangamka kuliko siku zote nilizomjua. Alipofunga daftari alinishukuru sana, akateremka ngazi mbili, kisha akageuka kuniambia kwamba baiskeli yangu huko chini imevuka mstari.