Kibodi ya Baba

Nyumbani kwa mwenzetu mmoja mgeni huvua viatu mlangoni, na mtoto hagusi sahani kabla hajanawa. Ila meza ya kompyuta ya baba huyo ni dola nyingine. Ipindue kibodi uitikise: makombo ya chapati, maganda ya karanga, na unga fulani wa kijivu ambao heri tusiuchunguze. Herufi A inanata chai ya maziwa. Hapo anakula, anapiga chafya, anafikicha macho, kisha anashangaa mafua yanavyomwandama.

Charles Gerba wa Chuo Kikuu cha Arizona alipima meza za ofisi, akasema zina bakteria mara 400 zaidi ya kikalio cha choo. Aliyegharimia ni Clorox, wauza dawa za kusafishia, kwa hiyo punguza mwenyewe unavyoona. Lakini choo angalau kinapigwa deki.

Zima mashine, lowesha kitambaa kidogo kwa spiriti ya asilimia 70, futa. Mwenzetu hana nafasi. Juzi mkewe alimwekea mezani chupa ya kitakasa mikono. Inamfaa sana: ndiyo anayoegemezea simu wakati wa mikutano.