Ukuta wa Kifungua Kinywa

Soweto ya Moshi haina uhaba wa wataalamu wa Mlima Kilimanjaro. Asubuhi mawingu yakifunguka, Kibo ikachungulia juu ya mabati, kila mwenye kikombe cha chai ana la kusema: barafu imepungua, njia ya Machame imelowa, wageni wa siku hizi hawana pumzi. Nusu ya wasemaji ni wapagazi, wapishi na waongozaji kweli, wameshuka juzi na magoti bado yanawauma. Nusu nyingine ni sisi tunaoujua mlima kwa kuutazama.

Katika nusu hii ya pili nilikuwa na heshima yangu, mpaka mpwa wangu, ambaye ni mwongozaji, aliponigeukia barazani mbele za watu: "Mjomba, safari ijayo twende wote. Mwananchi kiingilio chake nafuu. Ukayaone hayo unayotusimulia." Watu wakanyamaza kusubiri jibu. Pale mtu anakataaje?

Msitu wa Machame sitausimulia. Ni matope na mizizi. Habari inaanza pale miti mikubwa inapokwisha, ukatokea kwenye uwanda wa baridi, vichaka vifupi, ukungu na mawe. Mawe ya volkeno ya kila kimo, kuanzia la kukalia mpaka linaloshinda nyumba yangu, na nyumba yangu ni ya vyumba vitatu. Wazee wa Kichaga husimulia kwamba Mawenzi, kilele jirani, alizoea kwenda kwa Kibo kuomba moto, hadi Kibo akachoka akamtwanga kwa mchi, ndiyo maana Mawenzi kabaki na meno meno. Kwa nilivyoona mimi, kipigo kile kilirusha vipande hadi uwanda wa Shira.

Kundini tulikuwa na kijana wa Kijerumani ambaye kwao hupanda mawe kwa starehe. Si milima, mawe: kitu cha mita tatu, nne, bila kamba, na chini ametandika godoro la kuangukia. Alikuja na viatu vya mpira vinavyobana vidole, pamoja na kijifuko cha unga mweupe wa kukausha viganja, ambao mpishi wetu aliunusa kwanza kabla ya kuuruhusu karibu na jiko. Mpwa wangu akawa mkalimani, kijana akanieleza madaraja. Wafaransa wa msitu wa Fontainebleau, karibu na Paris, wana namba zao. Wamarekani wao walianzia V0, kisha wakaona wapo watu ambao hata sifuri inawashinda, wakawawekea VB chini yake. Nikauliza chini ya VB kuna nini. Akafikiri kidogo.

"Ngazi," akasema.

Tulifika kambi ya Barranco jioni. Pale ni mita 3,900 na ushei, na kila pumzi unayovuta inakupa chini ya theluthi mbili ya oksijeni ambayo mwenzako wa Tanga anaipata amekaa. Karibu na hema la jikoni kulikuwa na jiwe la urefu wa mtu na nusu. Kijana akalizunguka, akalipapasa, akatoa hukumu: VB. Akalipanda huku anaongea. Wapagazi wawili wakalipanda na ndala. Nikalipanda na mimi, na yeyote aliyekuwepo atashuhudia kwamba kileleni nilifika.

Kumbe daraja hupimwa kwa kwenda tu, kurudi hakumo. Unapopanda, macho yako yapo pamoja na mikono. Unaposhuka, anayefanya kazi ni mguu, na mguu hauna macho. Ukiinama kuutafuta unakuta kitambi kimekaa katikati. Niliteremsha mguu wa kulia, ukapapasa hewa, nikaupandisha. Wa kushoto vilevile. Ukungu ukaingia. Wapishi wakatoka na miko yao mikononi, kila mmoja na ushauri wake, na ushauri wa mmoja ulipingana na wa mwenzake. Kijana wa watu akatandaza vigodoro vya kulalia chini ya jiwe, jambo ambalo lilinitisha zaidi.

Mgumu mmoja, yaani mpagazi, akasogea, akanikadiria kwa macho kama mtu wa mizani.

"Mzee, kubeba tungekubeba. Ila sheria ya hifadhi ni kilo ishirini kwa kila mpagazi."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo wewe ni mzigo wa watu wanne, na unabaki."

Kicheko kilizunguka kambi nzima. Nilishushwa hatimaye kwa meza ya kulia chakula, juu yake ndoo iliyofunikwa, na bega la mpwa wangu.

Kesho yake ndiyo ulikuwa Ukuta wa Barranco wenyewe, takriban mita 250, ambao wageni huuita wa kifungua kinywa kwa sababu hupandwa mara tu baada ya uji. Nao hauna kamba. Ni mikono na miguu. Juu zaidi, upande uleule wa Kibo, kuna ukuta mwingine ambao Reinhold Messner na Konrad Renzler waliupanda mwaka 1978. Daraja la ule sikuuliza.

Katikati ya ukuta wetu lipo jiwe linalotokeza njiani, na mgongoni kwako ni bonde. Shuti ulikumbatie, kifua juu ya jiwe, upite upande-upande. Wanaliita Jiwe la Busu. Mtu mwembamba hulibusu. Mimi nililikaribia kwa tumbo, midomo ikabaki mbali, na nilipokuwa bado natafuta pa kuweka vidole, wapagazi walinipita upande wa nje: mmoja na mtungi wa gesi, mmoja na viti, mmoja na trei za mayai kichwani, anapiga mluzi. Wanawahi kambi ya Karanga kusimamisha mahema kabla yetu. Na bonde la Karanga ndilo chanzo cha mwisho cha maji kwenye njia ile. Maji ya kambi ya Barafu hubebwa kutoka pale, kwa vichwa hivyohivyo.

Ukuta wetu wameuandika rahisi. Aliyeuandika hakuwa na kitambi, wala hakubeba mayai. Basi nawe ukifika pale ukasikia hatua nyuma yako, bana upande wa ukuta, si wa bondeni, umpishe mwenye mzigo. Mwenye mayai mpishe mapema zaidi.