Deni la Milioni 420

Kikoba chetu kina watu 30 na sanduku la chuma lenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, asije mmoja akaamka na wazo. Kwa kuwa mtaani naitwa mtu wa kompyuta, nilijitolea kuhamishia daftari letu kwenye hifadhidata. Hakuna aliyeniomba.

Jedwali la kwanza, wanachama. La pili, mikopo: 21, jumla shilingi milioni 14. Usiku wa kuamkia kikao nikaandika amri ya SQL ya kuyaunganisha, na asubuhi nikachapisha steshenari bila kusoma. Zilitoka kurasa 14. Nikadhani ndiyo maendeleo.

Mweka hazina akavaa miwani. "Mwanangu, mimi nina mikopo 21?"

Nikachungulia. Anayo. Hata kijana aliyejiunga Jumamosi iliyopita, ambaye hajanunua hisa hata moja, alikuwa nayo yote. Mistari 630, deni milioni 420.

Kosa lenyewe ni dogo la kuudhi. Ukitaja majedwali mawili bila kusema namba ipi ya huku ilingane na ipi ya kule, kompyuta haikuulizi. Inamwoza kila mtu kwa kila mkopo. 30 mara 21. Edgar Codd, Mwingereza wa IBM, alipotoa makala yake maarufu mwaka 1970, aliyajenga majedwali haya juu ya hisabati ya seti, na huko zao la namna hii ni halali kabisa. Kwenye kikoba ni ugomvi.

Kutafuta heshima, kikao kilichofuata nikaja na mchoro wa visanduku na mistari, kizazi cha ule wa Peter Chen wa 1976; wangu ulikuwa na alama ya mguu wa kunguru kila palipo na "wengi". Nikaeleza: mwanachama mmoja, mikopo mingi, mkopo mmoja, mwanachama mmoja. Mweka hazina akaufuata kwa kidole, polepole, kama anayehesabu noti.

"Na wadhamini umewaweka wapi?"

Sikuwa nimewaweka. Kwetu mkopo hautoki mpaka wenzako wanne wa kundi lako watie saini. Kwa hiyo ulihitajika mstari wa pili, wenye kunguru pande zote mbili, na jedwali lake la katikati. Nilifuta na kuchora upya mara tatu mbele ya watu, jasho likinitoka.

Mama yule hajawahi kugusa kompyuta. Yangu niliinunua kwa mkopo wa kikoba, na mmoja wa wadhamini ni yeye.