Besi Fupi, Sufuria na Kamba ya Katani

Katika stoo moja mjini Same, nyuma ya ukumbi ambamo kwaya hufanyia mazoezi yake, mahali ambapo upepo wa kiangazi uvumao kutoka upande wa Mkomazi huingiza vumbi chini ya mlango bila kubisha hodi, waliwekwa pamoja gitaa la besi lenye shingo fupi, sufuria ya makande na kamba kuukuu ya katani, mzaliwa wa mashamba ya Makanya. Nao, madhali binadamu walikuwa wamekwenda mnadani, walipata faragha ya kusema.

BESI: Shikamoo, Mzee Kamba. Nitazame nilivyo! Mwalimu mpya wa kwaya, aliyerejea kutoka Dar es Salaam na masikio yaliyojaa spika kubwa, ameamuru nishushwe sauti toni mbili nzima, kutoka E mpaka C, ili uzi wangu mnene, uliokuwa ukitetema mara 41 kwa sekunde, uteteme mara 33 hivi. Na kamati, ilipoombwa fedha ya nyuzi mpya, ikajibu kwa upole wa kutisha kwamba funguo za kulegezea ninazo tayari, na kuzizungusha hakulipiwi.

KAMBA: Marahaba, mjukuu wangu. Ukalegezwa?

BESI: Hata aibu. Uzi unagonga vyuma vya shingo, na kila nipigwapo kwa nguvu noti huanzia juu ya pale inapotakiwa kisha hujiteremkia yenyewe, hata waimbaji wa sauti ya nne wakaniuliza kama nina homa.

SUFURIA: Wewe una homa, mimi je? Jumamosi mpiga besi alizichemsha nyuzi hizo tumboni mwangu, eti zirudiwe na ujana, kwa kuwa maji ya moto hung'oa jasho na uchafu uliojificha katika mizunguko ya waya. Sikatai, maji yalitoka yana rangi ya chai. Lakini Jumapili nikapikiwa makande, na mweka hazina akala, akasifu kwamba safari hii yamekolea!

KAMBA: Kuchemsha huondoa uchafu, bibie, hakuongezi unene. Hebu nambie, Besi, uzi huo una unene gani?

BESI: 105, kwa hesabu ya sehemu elfu za inchi; ndugu zake ni 85, 65 na 45. Vipimo hivyo ni vya gitaa refu, lenye inchi 34 za uzi kutoka kichwani mpaka darajani, kama lile la Fender la mwaka 1951. Mimi ni wa inchi 30, wa ukoo wa Höfner ya Ujerumani ya mwaka 1956, ile aliyoipiga Paul McCartney, wala ufupi wangu siuonei haya. Ila una hesabu yake: uzi uleule, kwa sauti ileile, mkazo wake kwangu hupungua kwa zaidi ya sehemu ya tano, ushushe na toni mbili juu ya hapo, mkazo uliosalia haufiki nusu ya ule wa gitaa refu.

KAMBA: Basi jambo li wazi. Mkazo hutokana na uzito wa uzi, urefu wake na sauti itakiwayo. Urefu wako haukui, sauti imekwisha amriwa, limebaki moja, nalo linauzwa dukani. Unene huongezwa kwa kadiri sauti ilivyopunguzwa, na 105 hudai kama 132. Mwaka 1945 watu wa milimani waliposhuka hapa Same kuikataa kodi ya mbiru, hoja yao kubwa ilikuwa namna kila mtu alivyokadiriwa mzigo wake kwa kukisiwa. Leo wajukuu wao wamekaa katika kamati, wanakukisia wewe.

BESI: Hawakisii tena, wamekubali. Itanunuliwa seti ya nyuzi tano, ya 45 mpaka 130. Mwembamba utawekwa kando, hizo nne nene nivishwe mimi.

SUFURIA: Alhamdulillahi! Sasa unalia nini?

BESI: Uzi wa 130 hauenei katika ufa wa kichwani mwangu uliochongwa kwa ajili ya 105. Ufa sharti upanuliwe kwa tupa ndogo, kidogo kidogo, maana ukichongwa kupita kiasi uzi hulala chini mno na kelele hurudi palepale. Tena uzi wa gitaa refu utanizidi urefu, nao haukatwi kabla ya kukunjwa, waya wa nje usije ukaachia kiini. Na mpiga besi wetu tangu asubuhi anaulizia msumeno.

KAMBA: Msumeno! Na huo uzi wa tano?

BESI: Muhtasari wameuacha hapa juu yangu. Mweka hazina ameandika kwamba, maadam gitaa lina nyuzi nne na seti ina tano, mwenye duka apunguze bei kwa sehemu ya tano. Akikataa, uzi uliozidi wakabidhiwe akina mama wa jikoni, wakatie sabuni ya mche.

SUFURIA: Wakatie, sina neno. Ila iandikwe katika muhtasari huohuo utachemshiwa wapi.