Pasi, Ralonji na Diplomi ya Mdogo Wetu

Matokeo ya Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, yalipotoka, mdogo wetu alikuwa na asilimia 58. Kwetu Kituku, hapa Goma, alimwagiwa poda kichwani hadi akageuka mweupe, na vigelegele vikafika bandarini kwa wapakuaji wa makala. Poda haijapanguswa, baba akawa amekwisha toa hukumu: kijana ataingia Chuo Kikuu cha Goma, asome sheria. Mama akataka biashara. Shangazi, ambaye hachangii hata franka ya minervali, yaani ada ya masomo, akataka udaktari.

Mwenyewe akasema anataka umeme, pale INPP, taasisi ya ufundi ambayo serikali iliianzisha mwaka 1964.

“Miaka kumi na miwili ya shule,” baba akasema, “halafu ukapande nguzo?”

Nimtetee baba kidogo. Mtihani huu upo tangu 1967, na kwa watu wa rika lake diplomi ilikuwa njia ya kufikia ofisi yenye meza na kiti. Siku hizi mtaani kwetu wapo waliosoma sheria wanaoendesha pikipiki za abiria. Baba akipanda nyuma yao huwaita “maître”, kama waitwavyo mawakili, kwa heshima zote.

Bibi ndiye aliyekata shauri. Pasi ilikuwa imekufa tangu Pasaka. Kijana aitengeneze, tumwone.

Aliifungua juu ya meza ya kulia, akakuta waya umekatika shingoni, pale unapopindwa kila siku. Akaukata, akauunga upya, akafunga. Baba, suruali ya ibada mkononi, akaichomeka mwenyewe. Pasi ikapata moto. Suruali ilikuwa imenyooka mguu mmoja tuliposikia “tak!”, na parseli nzima ikawa giza.

Baba alikuwa na hotuba tayari. Hakuifikisha mbali, kwa sababu jirani yetu muuza sambaza, anayegandisha samaki kwa umeme wetu kupitia ralonji, waya wa kurefushia umeme, inayopita dirishani, aliingia akipiga kelele kwamba friza imezimika na ndani mna mabeseni mawili ya watu wa harusi.

Kijana hakuigusa pasi. Aliwasha tochi ya simu, akaifuata ralonji akiipapasa. Ilikuwa moto. Waya wake ulikuwa mwembamba, wa kuwashia taa. Pasi ya wati 1,000 kwenye volti 220 huvuta karibu ampea 4.5, na friza, mota yake inapoanza kuzunguka, huvuta mara kadhaa ya kawaida yake. Vyote viwili vilikuwa kwenye ralonji hiyo hiyo. Plastiki iliyeyuka, nyaya zikagusana, swichi kuu ikakata. Alipoisogeza tukaona ubao wa ukuta umeanza kuwa mweusi. Nyumba yetu ni ya mbao, kama nyingi hapa juu ya mawe ya volkeno.

Ralonji hiyo aliifunga baba. Wakati ule alituambia ni kazi isiyohitaji shule.

Sambaza hawakungoja harusi. Tulikaanga beseni zima usiku ule, jirani akiandika deni huku akila. Asubuhi akamwagiza kijana amvutie waya mnene, wa kwake peke yake. Nusu ya deni ikafutika.

“Hiyo INPP,” baba akauliza, “inatoa karatasi?”

“Inatoa, baba.”

“Yenye muhuri?”

“Yenye muhuri.”

Baba akaomba aambiwe bei. Shangazi akauliza kama huko hawafundishi na udaktari.